Nimemuumbua Baba Mkwe kwa Bia, Sasa Mchumba Hapokei Simu

Mpendwa Shangazi Bathabile, nisaidie kabla sijapasuka kama chupa iliyotiwa hamira mara mbili, maana hapa Gugulethu kila mtu ananiona mjinga na mimi ndiye mtu pekee katika mtaa huu anayejua bia ni kitu gani. Shule niliachia darasa la kumi, sikufichi, lakini leo niko kwenye kiwanda kidogo cha bia kule Salt River, tuko watu watano tu, na pua yangu hii inajua kimea kimekaushwa vizuri au kimeungua, na wageni wenye digrii zao wananiuliza mimi, "Luvo, hii ina nini ndani?" nami nawaambia shayiri, hopsi yale maua machungu, maji, hamira, basi, wala hatuchanganyi mahindi kupunguza gharama kama wale wa kiwanda kikubwa, ambao bia yao ukiinywa unahisi ni maji ya bomba yaliyopita karibu na shayiri yakasalimia.

Sasa sikia. Nataka kumuoa Nomfusi, binti wa mzee wetu Tata Mbovane wa mtaa wa nyuma yetu, nesi, mzuri, ana akili kunizidi (usimwambie nimekubali). Washenga wangu walikwenda kwao Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wakiongozwa na Mjomba Mpumelelo, na unajua mwenyewe kwamba hapo hakuna neno la mahari linalosemwa mpaka washenga watoe kinywaji cha kufungua mdomo. Mjomba alikuwa amenituma nikanunue kreti ya zile chupa kubwa za kahawia ambazo Tata Mbovane anazinywa tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Mimi nikajiuliza, Luvo, fundi mzima wa bia, umpelekee mkweo bia ya dukani? Nikawapakilia katoni mbili za bia yetu wenyewe, chupa ndogo ndogo, ile yenye hopsi nyingi na harufu ya balungi, ambayo mwaka jana watu walipanga foleni kuionja, na lebo yake ina picha ya kobe niliyemchagua mimi.

Saa nne asubuhi mjomba ananipigia simu, ananong'ona.

"Luvo, umetupa nini?"

"Bia, mjomba."

"Bia gani ina matope?"

"Siyo matope, ni hamira, haijachujwa, ndiyo uhai wake huo."

"Uhai! Mzee amenusa akauliza kama tumemletea sabuni ya kuoshea vyombo. Ndugu yake anasema kwao hata mgonjwa hapewi kitu kichungu hivi. Wametuambia mdomo haujafunguka, twende zetu. Mimi na miaka yangu sitini, natolewa getini kwa ajili ya kobe!"

Shangazi, niliwaka. Watu hawajui kitu halafu wanakataa! Basi Jumapili iliyofuata nikafanya jambo ambalo mpaka leo naona lilikuwa la kijanja sana. Nilichukua chupa kubwa ya bia ya mzee, nikaimimina kando, nikajaza bia yetu ile nyepesi ya rangi ya dhahabu, nikafunga kizibo kwa mashine ya kazini, huwezi kujua. Na ile bia yake ya kiwandani nikaijaza kwenye chupa zetu za kobe. Nikaenda kwake mwenyewe mchana, yuko uani na ndugu yake na majirani wawili, wamekalia makreti, nikasema, Tata, nimekuja kuomba radhi, tuonje tuyamalize. Nikawamiminia kwenye vikombe vya bati, rangi isionekane.

Tata Mbovane akanywa kile cha chupa kubwa, akafumba macho. "Hii," anasema, "hii ndiyo bia. Miaka thelathini na mbili nakunywa hii, haijawahi kunidanganya." Akamimina mwenyewe tena. Halafu nikampa cha kobe. Akatia mdomoni, akatema kwenye mchanga. "Mkojo wa punda! Mwanangu, mnaulipia huu?"

Nikamwambia, "Tata, huo mkojo wa punda ndiyo bia yako ya miaka thelathini na mbili. Na hiyo uliyofumbia macho ni yetu."

Jirani mmoja alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kreti. Mwingine akaanza kuita watu barabarani waje wasikie. Mimi pia nilicheka, siwezi kukudanganya, ilikuwa tamu. Tata Mbovane akaweka kikombe chini taratibu, akajifuta mdomo, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nomfusi alitoka jikoni na mikono ina unga. Akaniuliza, "Luvo, ulikuja kuniposa au ulikuja kushinda?" Nikamwambia, "Vyote." Akanirudishia katoni yangu ya chupa za kobe mikononi, na leo ni siku ya tisa simu yangu haipokei. Mzee amesema washenga wangu wasikanyage tena pale. Mjomba anasema kama nataka mke nikamtume kobe. Na yote haya kwa sababu nilisema kweli, kweli iliyoonjwa mbele ya mashahidi! Nifanye nini wakubali kwamba nilikuwa sahihi, na nimpate Nomfusi wangu?

Luvo, Mfalme wa Povu, Gugulethu

JIBU LA SHANGAZI

Luvo, umeomba mambo mawili na utapata moja. Chagua sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Umechagua Nomfusi? Vizuri, basi una akili kidogo, tufanye kazi.

Kwanza nikupe haki yako, maana najua utanisumbua usipoipata. Bia yenu ni nzuri. Mimi mwenyewe nimewahi kunywa hizi za viwanda vidogo, na ile nyeusi yenye ladha kama ya kahawa naipenda kuliko ninavyotaka mume wangu ajue. Na hiyo ya kiwanda kikubwa, kweli, ukiiacha baridi yake iishe hainyweki. Haya, umeshinda. Furahi dakika moja. Imekwisha.

Sasa nisikilize, fundi mzima wa bia usiyejua watu wanainywaje! Unafikiri wazee wanapenda ile chupa kubwa kwa ladha yake? Chupa kubwa hainywewi na mtu mmoja. Inafunguliwa, mleta bia anaonja kwanza waone haina ubaya, kisha kikombe kinakwenda kwa mkubwa, mkubwa anampa anayemfuata, na yule anayemfuata, mpaka kikombe kimoja kimepita kwenye midomo ya nyumba mbili. Hapo ndipo mdomo unafunguka. Mama zetu walifanya hivyo kwa bia ya mtama, na chupa kubwa ilipokuja ikakaa palepale pa kikombe. Wewe ukawapelekea wazee chupa ndogo ndogo, kila mmoja na kobe wake, kila mmoja anajinywea peke yake kama mtu anayesubiri basi. Mjomba wako alikaa pale hana cha kumpa mtu mkononi. Uchungu wa hopsi wangeuvumilia, wameshavumilia mengi hawa.

Halafu ukaongeza la pili, na hili ndilo lililonifanya niweke kalamu chini nizunguke meza. Mzee wa watu amepokea kikombe kutoka mkononi mwako, hakunusa, hakuuliza, akanywa. Luvo, mtu akinywa kitu ulichompa amekuamini kwa koo lake! Ulimwambia umekuja kuomba radhi, na radhi yako ulikuwa umeifungia kizibo cha uongo kwa mashine ya kazini. Unasema ulisema kweli. Kweli gani? Chupa zote mbili zilikuwa zinadanganya, na wewe wa tatu. Ulimi wa mzee haukukosea hata kidogo, ulionja bia nzuri ukasema nzuri. Angekuwa mteja wenu ungempa zawadi. Kwa kuwa ni baba wa mchumba wako ukamfanya achekwe na majirani.

Fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu.

Leo hii nenda kwa Mjomba Mpumelelo. Usimpigie, nenda. Mwambie alikutuma jambo moja na ukafanya jingine. Atapiga kelele. Mwache apige, ana miaka sitini na alitolewa getini na suti yake.

Jumatano nenda getini kwa Tata Mbovane, mikono mitupu, hata soda usibebe. Usiingie mpaka uitwe. Mwite kwa jina la heshima la ukoo wa akina Mbovane, Dlangamandla, na umwombe awaite ndugu yake na wale majirani wawili, maana aibu uliimwaga mbele yao na ni mbele yao utaizoa. Sema, "Nilikuja na uongo nikauita radhi. Nilikudanganya kwenye chupa." Ukimaliza hapo funga mdomo. Usitamke neno "lakini". Usitaje hopsi. Mtu akikutania kuhusu punda, cheka, maana sasa ni zamu yako kuchekwa.

Nomfusi mwache kwanza. Ameshakuuliza swali zuri na ukalijibu vibaya. Kumpigia simu mara arobaini si kulirekebisha. Mwandikie mstari mmoja: "Nilikuja kukuposa, nikajisahau." Asipojibu, nyamaza. Anakaa nyumba moja na yule mzee, ya Jumatano ataisikia kabla wewe hujafika kwako.

Mzee akikubali kupokea washenga tena, kreti anunue mjomba, ile ile ya chupa kubwa, na chupa ya brandi pembeni. Bia ya kwenu isionekane karibu na nyumba hiyo mpaka uitwe mkwe, na mpaka mzee mwenyewe aulize, "Ile ya siku ile iko wapi?" Ataiuliza. Mtu hafumbi macho hivyo halafu akasahau.

Na akikataa, ukubali. Hutarudi na ujanja mwingine.

Siku hiyo ya washenga ikifika, wewe kaa kwa mama yako, fagia ua, simu iwe mfukoni. Wazee wetu walisema bwana harusi asikaribie nyumba ya mchumba mazungumzo yakiendelea, na miaka yote nilikuwa najiuliza kwa nini. Leo nimesoma barua yako, nimeelewa.

Shangazi Bathabile