Mlango wa Dereva Mstaafu

MAELEZO YA SHAHIDI

Anajulikana kwa jina la: Fundi Kitasa
Umri: miaka arobaini na saba
Kazi: kuchonga funguo na kutengeneza vitasa
Makazi: nyumba za nyuma ya soko, chumba cha mwisho kabla ya bomba la maji

Nimeonywa kusema kweli, na ninaeleza kwa hiari yangu kama ifuatavyo:

Mnamo tarehe tisa mwezi huu, siku ya Jumamosi, majira ya saa nne asubuhi, nikiwa kwenye kibanda changu mkabala na duka la dawa, alinijia dada mmoja wa makamo mwenye mkoba wa safari. Aliniomba nikamfungulie mlango wa baba yake. Alisema mzee alimwalika mwenyewe, lakini tangu jana yake jioni hapokei simu, na amebisha hodi mpaka vidole vinamuuma. Nilichukua vifaa nikafuatana naye.

Mzee huyo ni dereva mstaafu, anakaa ghorofa ya pili. Nilikuwa nimechuchumaa nakikagua kitasa, akatoka jirani wa mlango unaotazamana na huo. Wanamwita Mama Pacha. Aliniuliza nafanya nini pale, nikamweleza kuwa huyu ni binti wa mzee. Mama Pacha akamtazama yule dada kuanzia viatuni hadi kichwani, akasema, "Yule mzee hana mtoto. Nimekaa naye hapa miaka kumi na moja, kaniambia kwa kinywa chake."

Kwenye kazi yetu, ukifungua mlango wa mtu bila idhini yake wewe si fundi tena, ni mwizi mwenye vifaa. Nilivirudisha kwenye mfuko, nikamwomba yule dada radhi. Nilitegemea atakuja juu, au atalia. Alisema tu kwamba Mama Pacha hajadanganya, ndivyo baba yake alivyowaambia watu wote. Wakati huo Mama Pacha alikuwa ameshapiga simu polisi, na simsemi vibaya kwa hilo. Mtaa mzima ungekuwa na majirani kama yeye watu wangelala bila wasiwasi, ingawa sisi wa vitasa tungekufa njaa.

Yule dada alimwomba Mama Pacha azime redio yake. Akazima. Yule dada akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo, akasema, "Baba, ni mimi, Kasuku."

Tukasikiliza. Ikatoka sauti nyembamba kutoka chumba cha ndani: "Kasuku, fungua. Nimeanguka."

Afande, hapo naomba paandikwe vizuri, maana ndipo nilipopata ruhusa, na niliipata kwa mwenye nyumba. Nilifungua. Sikuharibu kitu zaidi ya kitasa chenyewe, nacho kilikuwa kimechoka siku nyingi.

Tulimkuta mzee amelala sakafuni, ngazi imemwangukia, katika chumba ambacho Mama Pacha anasema siku zote alidhani ni stoo. Kulikuwa na kitanda kipya kimetandikwa. Kuta tatu zilikuwa zimepakwa rangi, ya nne imeishia katikati. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, na rangi imemtapakaa ndevu zote. Alikuwa hapo tangu jana yake jioni.

Binti yake alimweka kichwa mapajani akamnywesha maji kwa kijiko. Hawakuangua kilio wala kukumbatiana. Mzee alimuuliza kama amekula. Akajibu bado. Mzee akasema kuna mayai jikoni.

Askari wawili walipofika, mmoja aliuliza huyu mwanamke ni nani wa mzee. Akajibu mzee kutoka pale chini, na Mama Pacha amesimama mlangoni anasikia: "Ni mwanangu. Niliendesha lori nimelewa, nikamuua mtu wa baiskeli. Polisi nikawaambia breki zilikatika. Huyu alikuwa amekaa kando yangu, akawaambia ukweli. Nilipotoka jela nikasema sina mtoto."

Kisha akamgeukia Mama Pacha akamwomba msamaha kwa kumdanganya miaka yote hiyo. Mama Pacha alisema kwanza atolewe hapo chini, mengine yatafuata. Alikwenda kwake akaleta blanketi zito.

Tulimshusha kwa blanketi hilo, mimi na askari mmoja mbele, binti na Mama Pacha nyuma. Kwenye kila kona ya ngazi mzee alikuwa akituelekeza kama mtu anayerudisha lori nyuma: kata kushoto, taratibu, nyoosha sasa. Binti yake akaanza kucheka. Mzee naye akacheka, huku anaugulia.

Tukiwa tunasubiri kwenye korido ya hospitali, yule dada alinieleza kuwa hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na minane. Mwezi uliopita mzee alimpigia simu, akamuuliza anapenda chumba cha rangi gani.

Leo asubuhi, kabla ya kufika hapa kituoni, nilipita wodini kupeleka funguo za kitasa kipya. Mguu umefungwa plasta. Mama Pacha alikuwa ameleta uji, na binti alikuwa anamtoa mzee rangi ndevuni kwa pamba na mafuta. Mzee alisema mguu ukipona anataka kwenda kwa mjane wa yule mtu wa baiskeli, kwa sababu hajawahi kukanyaga kwake. Alisema hajui atamwambia nini, na huenda akafukuzwa. Binti hakuacha kazi yake.

"Tutaenda wote," alisema. "Sasa tulia, nisije nikakung'oa ndevu."

Mzee akatulia.

Hicho ndicho nilichokiona na kukisikia, sikuongeza wala sikupunguza, na hapo ndipo maelezo yangu yanapofikia mwisho.

Sahihi ya shahidi: Fundi Kitasa

Maelezo ya mwandikaji: Shahidi amesomewa yaliyoandikwa hapo juu na ameyakubali, baada ya neno "nilivunja" kufutwa na kuandikwa "nilifungua", kwa maombi yake. Jirani aliyetoa taarifa amefika kaunta na kuiondoa, akasema hawezi kukaa kwani anawahi saa za kuona wagonjwa. Hakuna kosa lililoonekana. Jalada lifungwe.

Sajini wa zamu