Salamu Nilizomnyima Yonathani

Kambi ya Wakata Mkonge,
Korogwe.

Mama yangu Raheli,

Shikamoo, mama. Magoti yamepoa au bado yanakusumbua? Na kikohozi je? Mimi mzima, nakula, nalala, ila kiganja kimechubuliwa na nyuzi za mkonge hapa kiwandani. Ukiona mwandiko umepinda, ujue ni kiganja. Na hasira. Leo, mama, nina hasira na wewe.

Ngoja nikueleze. Yonathani yuko hapa. Ndiyo, yule balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa kanisa, aliyeshika kiberiti siku ile tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Wenzake waling'oa mapaa tu, yeye akachoma. Ulimwomba nafasi kidogo ushushe mbegu, yale mahindi uliyoyatundika kichanjani juu ya moshi wa jiko, mbegu aliyokuletea bibi kutoka Kwashemshi. Akasema, "Amri haingoji mahindi." Harufu ya mahindi yale kuungua naisikia mpaka leo.

Basi mvua zilipogoma huko Handeni, naye akaja kukata mkonge. Na kambi nzima msomaji wa barua za watu ni mimi, kwa kuwa ndiye ninayefundisha kisomo cha watu wazima. Akanijia bila haya. "Mwanangu Paulo, nisomee." Mwanangu! Nusura nimtemee mate.

Nikamsomea, lakini nilimfanyia kitu. Unazijua barua za kwetu, nusu ya karatasi ni salamu. Mkewe alimsalimu, watoto walimsalimu mmoja mmoja kwa majina, mama yake mzazi alimsalimu. Nikaziruka zote, nikaanzia kwenye habari ya mbuzi aliyepotea. Akauliza, "Hakuna aliyenisalimu?" Nikamjibu, "Hakuna, mzee." Akaikunja barua, akaondoka kichwa chini. Mama, nilisikia raha! Nilikula ugali wangu nacheka peke yangu. Barua ya pili nikafanya vile vile.

Najua utasema nini. Ulitulea ukituambia kwamba Ukristo wa mtu hauonekani akiwa na shati la Jumapili, unaonekana kisimani, anapomtwika ndoo mtu asiyempenda. Nimeyasikia hayo tangu utoto. Lakini wewe ulisamehe upesi mno, nikaona lazima abaki mmoja wa kukumbuka. Hata tukisali Sala ya Bwana, nikifika pale pa kusamehe nafunga mdomo, wenzangu wanapita, halafu naungana nao mbele.

Wiki iliyopita ikaja barua nyingine. Mkewe anasema mama mkwe wake, yaani mama yake Yonathani, hawezi tena kuinuka kitandani, Yonathani aje upesi amkute angali hai. Barua za kambi huletwa kwangu, basi nikaisoma peke yangu nikaificha chini ya godoro. Nikasema, hukumpa mama yangu muda wa kushusha mbegu, na wewe usipewe. Siku tatu nilipishana naye njiani, namwamkia vizuri kabisa, huku najua ninachojua.

Siku ya tatu nikaitoa niisome tena nifurahi. Ndipo nikaona maneno ukingoni, mkewe ameyabana baada ya karatasi kujaa: "Anayemletea uji kila asubuhi ni Mama Paulo. Na kumwogesha anamwogesha yeye."

Mama! Kila asubuhi, na magoti hayo! Umeninyang'anya kisasi changu ukiwa huko huko na sufuria yako. Ningemnyimaje mtu mama yake, na huyo mama analishwa na wa kwangu?

Nikamfuata shambani mchana, nikamsomea. Maneno ya uji niliyarudia mara tatu, kusudi yamchome. Akaketi chini katikati ya mkonge, panga mkononi. "Raheli?" Nikasema, "Ndiyo. Yule yule wa mbegu." Alilia, mtu mzima yule. Nilidhani nitaridhika. Wapi!

Lakini usinisifu, sijamsamehe. Nimenunua mbegu ya mahindi sokoni, nimemtwisha. Aibebe begani mwenyewe toka anaposhuka basi mpaka mlangoni kwako, na apande kichanjani aitundike kwa mikono yake. Akikaidi, niandikie.

Nisalimie shangazi Eliza mwenye kiti cha mbele kanisani, mjomba Danieli fundi seremala, na jirani yetu Mwanaidi anayekuchotea maji ukizidiwa. Mdogo wangu Neema mwambie kitambaa chake nimekipata.

Mama, aliyekukabidhi barua hii ndiye Yonathani. Hajui kilichomo. Zile salamu bado sijamwambia. Nilijaribu tulipokwenda kukata tiketi yake ya basi, mdomo ukakataa. Najua utampa maji ya kunywa, siwezi kukuzuia. Akishakunywa, mwambie wewe kwamba mkewe alimsalimu, wanawe walimsalimu, na mama yake alimsalimu katika kila barua. Mwambie kabla hajaenda kwake. Asiingie kwa mama yake akidhani alikuwa amesahauliwa.

Ni mimi mwanao mwenye moyo mgumu,
Paulo