Upepo wa Tangi

Jumanne

Kumbe kosa ni langu. Wiki nzima pampu ya kisima inawaka na kujizima kila dakika, na mimi nikamgombeza mama kwamba anachezea bomba, ataunguza mota.

Leo fundi kapima upepo wa tangi la presha, lile linalosukuma maji bombani pampu ikizima, kwa kile kipimo cha matairi ya bodaboda. "Ulijaza upepo tangi likiwa na maji?"

Ndivyo nilivyofanya wiki iliyopita.

"Unamwaga maji kwanza, kaka, ndiyo unajaza. Ukikosea hapo, pampu haipumziki."

Pampu imetulia. Mimi ndiye sijatulia. Jioni nilimkuta mama ameondoa mfuniko wa kisima, anachota kwa ndoo na kamba. Nikamwambia pampu imepona, atumie tu bomba. La kosa langu nikashindwa kulitamka.

"Sawa, baba," akasema, akaendelea kuvuta kamba.