Ndimu ya Ile Jumatatu

Mama,

Ninakuandikia nikiwa jikoni hapa Kitengela, kando ya kile kiti chako cha plastiki ambacho bado simruhusu mtu kukikalia. Miezi miwili sasa. Watu wanasema nitazoea. Sijazoea.

Nina jambo la kuungama, kuhusu ile Jumatatu uliyoniomba maji ya maziwa.

Unakumbuka Kajiado, nyumba yetu ya mabati karibu na soko? Uliweka maziwa mabichi kwenye sufuria, ukayafunika kwa kitambaa, ukayasukuma pembeni mbali na jua, kisha ukayasahau siku tatu. Mimi nilishindwa kuyasahau. Nilifunua, nikatingisha, nikachovya kidole. Ulinicheka: "Mwende, hiyo si TV. Wacha kuangalia." Yakishaganda uliyapasha kwa moto mdogo hadi yakajitenga, ukayachuja kwa leso. Mgando ulibaki kwenye nguo, na maji yake ya manjano yakaingia kikombeni. Kikombe cha kwanza kilikuwa changu. Hata nilipokuwa mtu mzima, maziwa niliyoweka mwenyewe yaliharibika kila mara, na ulijua sababu.

Jumatatu hiyo, ukiwa mgonjwa hapa Kitengela, hukuwa umekula chochote tangu Jumamosi. Ukasema, "Niwekee maziwa leo. Alhamisi nitakunywa maji yake." Mama Naserian, yule Mmaasai anayetuuzia maziwa, alikuwa ameshatuletea lita mbili. Lita moja nikaiweka kwenye sufuria kama ulivyonifundisha. Kisha nikakutazama pale kitandani, mikono imekwisha kabisa, nikahesabu siku hadi Alhamisi, nikaogopa. Lita ya pili nikaichemsha na kuikamulia ndimu. Maziwa yakakatika papo hapo, nikayachuja. Saa sita nikakuletea kikombe cha maji yake, nikakudanganya kwamba ni ya maziwa niliyoweka Ijumaa.

Ulikunywa yote. Ukasema, "Siku hizi unajua kungoja."

Nikajibu, "Ndiyo, Mama."

Jumatano asubuhi ukaenda.

Nyumba ilijaa watu, na ile sufuria nikaisahau kabisa. Ijumaa, Shangazi Ndinda akitafuta sufuria ya kupikia wageni chai, akaitoa nyuma ya gunia la makaa na kutaka kumwaga yaliyokuwamo. Nilimfokea mbele ya watu wa kanisa. Mama, yalikuwa yameganda vizuri kabisa! Laini, meupe, kwa sababu siku zote hizo hakuna aliyeyagusa. Mara yangu ya kwanza kufaulu, na sikuwa na wa kumwonyesha. Nikayapasha, nikayachuja kwa leso yako, nikajifungia chumbani kwako na kuyanywa maji yote peke yangu, nikilia. Sikumgawia mtu. Shangazi sijamwomba msamaha hadi leo.

Nilidhani siri ya ndimu imebaki kwangu. Juzi Mama Naserian alipoleta maziwa, alikaa kidogo mlangoni, kisha akaniambia, "Mama yako alijua. Nilikuja kumwona hiyo Jumanne, akaniambia, 'Mwende alinipea ndimu. Nimekunywa yote juu niliona ameogopa. Anaona sitafika Alhamisi.'"

Tangu hapo maneno hayo hayanitoki. Nilikuwa ninajilaumu kwa uongo, kumbe uongo ulikuwa jambo dogo. Ulisoma kwenye kikombe kile neno ambalo sikuthubutu kukuambia. Ningetaka kukuandikia kwamba sikukata tamaa, lakini nilikata, Mama. Wewe ulikuwa bado unaingoja Alhamisi, na mimi nilikuwa nimeshakuzika. Halafu ukanisifu ili nisijue kwamba umejua. Nisamehe.

Leo ni Jumatatu. Asubuhi nimeweka lita moja pembeni, nyuma ya gunia, nimeifunika kwa leso yako ile ya maua mekundu. Shangazi nimempigia simu, nimemwambia aje Alhamisi, kikombe cha kwanza ni chake. Ameniuliza kama alete sukari. Tangu nianze barua hii mkono wangu umeenda kwenye kile kitambaa mara mbili, na mara mbili nimeurudisha.

Lala salama, Mama. Sitafunua kabla ya Alhamisi.

Binti yako,
Mwende