Pale Alipoishia Kalunde

Mjukuu wangu Nyamizi,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Huku Usoke tu wazima, ila mvua imechelewa na babu yako bado anakohoa.

Umeniuliza kwa nini nasoma kwa sauti hata nikiwa peke yangu.

Zamani, tulipokaa kuchambua tumbaku, dada yangu Kalunde hakuchambua. Kazi yake ilikuwa kutusomea kitabu. Mama hakujua herufi hata moja, lakini aligombana na watu wa kitabuni kama majirani zake. Kisha Kalunde akaugua, tukamzika kabla kitabu hakijaisha.

Msimu uliofuata, mama aliniwekea kitabu kile mapajani. Ndani mlikuwa na jani la tumbaku, alama aliyoiacha Kalunde.

"Endelea pale alipoishia dada yako."

Nilisoma kwa kujikwaa, machozi yakinitoka, na hakuna aliyeniharakisha. Hapo ndipo nilipojua kusoma vizuri.

Tulipokimaliza kitabu, mama alilichukua lile jani, akalirudisha kwenye ukurasa wa Kalunde.

"Sasa rudia kuanzia hapa, mwanangu, na upaze sauti. Mwenzetu hajausikia mwisho."

Tangu siku ile, kusoma kimya kumenishinda.

Bibi yako