Siku Tatu Mama Asiguse Mwiko

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefanya jambo!

Tulikuwa mezani. Baba ametangaza kwamba Ijumaa tunakwenda kupiga kambi, sote, hadi Jumapili. Mama amepata likizo, ya kwanza baada ya miaka mitatu. Baba ni fundi wa lifti, huitwa hata Jumapili watu wakikwama. Leo amezima simu ya kazi mbele ya macho yetu. Redio akauliza maswali kumi kwa pumzi moja. (Redio ni mdogo wangu, miaka minane. Hana kitufe cha kuzima.) Halafu Shangazi, tunayekaa naye tangu alipofunga duka lake la vitambaa, akauliza swali moja tu: na nani atapika?

Tukamgeukia Mama.

Mama ni mpishi mkuu wa hospitali. Sahani mia mbili na arobaini kila siku ya Mungu. Baba akasema mtu akiwa likizoni hashiki mwiko. Mama akamuuliza, sasa nani, wewe? Baba anaweza kuunguza maji. Shangazi akasema basi tutaguguna biskuti kama panya.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa, kooni. Halikutoka. Shuleni tunasoma kwa lugha mbili na mimi nanyamaza kwa zote mbili, sembuse nyumbani ambako Redio hasazi nafasi. Nikaosha vyombo. Kisha nikaandika karatasi, nikaibandika kwenye friji, nikakimbilia chumbani:

"Nitapika mimi. Siku zote tatu. Mama asiguse mwiko."

Nimetoka sasa hivi, nikijifanya nina kiu. Chini yake Mama ameandika "Imeidhinishwa" na kutia saini, ile ya kazini yenye mkia. Baba ameandika "Shahidi". Redio amechora kuku. Shangazi ameandika neno moja tu: "Tutaona."

Jumanne, 5 Agosti

Nimepitia kazini kwa Mama kuchukua daftari lake la mapishi. Muda mrefu sijaingia jikoni mle. Kuna sufuria ambayo Redio angeweza kujificha ndani na tukapata amani. Mvuke. Sakafu imelowa. Wasaidizi watano wamejipanga, watu wazima, mmoja ana mvi, na wote wakamgeukia Mama: "Mkuu, tuanze na nini?"

Mama hata hakuinua kichwa. "Vitunguu."

Basi! Visu vikaanza kulia. Neno moja na jiko zima likatembea. Nyumbani Mama hutafuta miwani iliyo kichwani mwake. Kumbe kule ni jenerali.

Daftari ni la kahawia, limenona mafuta. Kila ukurasa una idadi ya sahani juu, halafu vipimo kwa gramu. Nimechagua ukurasa wa sahani sitini, kwa sababu sisi ni watano, na kugawa kwa kumi na mbili ni rahisi kuliko kugawa mia mbili na arobaini kwa… uvivu, nakiri. Lakini uvivu wenye akili! Ukurasa una kila kitu: maharage, wali, viazi, dengu, mayai, mboga. Nimenakili yote. Juu ya idadi kuna doa la mafuta limefunika maneno. Si kitu. Gramu zinasomeka.

Alhamisi, 7 Agosti

Mgongo unauma na najisikia kama malkia.

Nimepika kambi nzima kabla ya kambi. Maharage nimeyachemsha na kuyagandisha, kwa hiyo ndiyo barafu yetu: yatapoza vitu vingine njiani, na yakiyeyuka yataliwa. Nani amefikiria hivyo? Mimi! Mayai kumi na mawili nimeyavunjia ndani ya chupa ya maji, hakuna ganda la kupasuka kwenye buti la gari. Unga wa chapati za maji nao umo chupani, na sukari na maziwa ya unga. Ni kumimina maji, kutikisa, basi. Vitunguu vimekaangwa, vimo kwenye kopo. Viazi vimeoshwa, na kila kimoja kimevikwa foili, tayari kwa makaa. Kila mlo una mfuko wake na lebo: IJUMAA JIONI, JUMAMOSI ASUBUHI, na kuendelea. Kila kitu nilichotia mfukoni nimekikata kwenye orodha kwa rula.

Shangazi akapita, akachungulia, akasema anaona tunahamia nchi nyingine. Lakini alisoma lebo zote. Nimemwona.

Mama naye ametoka sokoni, akasimama mbele ya orodha. Akaisoma mpaka chini. Akarudia. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akachukua kikapu, akarudi sokoni. Sijawahi kumwona Mama akikosa la kusema. Nadhani imemgusa.

Ijumaa, 8 Agosti

Aibu. Aibu. Aibu.

Jua bado lipo, nimejifungia ndani ya gari.

Tulifika saa nane. Baba na Redio wakasimamisha mahema, moja limeinama kama lina mawazo. Nikawasha jiko la gesi mwenyewe. Maharage yakaiva vizuri, wali ukachambuka punje kwa punje. Nikapakua. Mikono imetulia kabisa, kama Mama. Wakaweka mdomoni.

Redio: "Dada, umesahau kitu."

Baba akamkanyaga mguu. Nimeona. Shangazi akatafuna polepole, akameza, akaweka kijiko chini kwa adabu kubwa, akauliza: "Samahani, nesi, mimi nimelazwa wodi gani?"

Chumvi. Hakuna chumvi. Si kwenye maharage wala wali. Nikafungua mifuko yote, na hakuna chumvi kambi nzima! Haimo kwenye orodha. Haimo kwenye orodha kwa sababu haimo kwenye ukurasa. Na haimo kwenye ukurasa kwa sababu — nimelitoa daftari, nimeliinua kwenye mwanga nyuma ya lile doa la mafuta, herufi zikatokea — "Wodi ya 4. Presha. BILA CHUMVI."

Nimewaletea familia yangu chakula cha wagonjwa. Cha siku tatu. Kwa gramu!

Mama alimaliza sahani yake. Yote. Mimi nikaja huku kabla machozi hayajanisaidia kutia chumvi.

Baadaye. Baba alikuja akagonga kioo. Akaketi kiti cha mbele, akatazama usukani, si mimi. Akasema miaka yote aliyotengeneza lifti hajaona mtu aliyedhurika kwa sababu lifti imekwama. Kukwama, zote hukwama. Lakini kuna watu hukaa mle ndani saa nzima, kengele ipo ukutani, wanaona haya kuibonyeza. "Wanaogopa kusumbua watu," akasema. Akanipa leso inayonuka grisi, akaondoka.

Sijui kama alikuwa akiongea kuhusu chumvi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mambo yamekuwa mengi, niende polepole.

Asubuhi niliokolewa na sukari. Chapati za maji zilitoka chupani kama nilivyopanga, Redio alikula sita. Lakini mchana ni mayai na viazi vya makaa. Mayai bila chumvi! Duka liko kilomita kumi na tano. Baba akasema ataendesha. Shangazi akasema ya nini kumaliza mafuta, kuna watu kwenye lile hema la kijani, yeye ataenda kuwaomba, yeye mdomo anao. Redio alikuwa ameshasimama na kikombe.

Nikasema: "Kaa chini."

Mimi. Kwa sauti. Redio akakaa! Sijui ni nani aliyeshangaa zaidi, yeye au mimi.

Nikachukua kikombe. Kutoka kwetu hadi hema la kijani ni hatua arobaini na tatu. Ishirini za kwanza nilijisomea sentensi yangu kwa lugha moja, ishirini nyingine kwa lugha ya pili, na zile tatu za mwisho zikafuta zote. Nilipofika nilikuwa mtu na kikombe, basi.

Palikuwa na mama mwenye kofia nyekundu, amepiga magoti mbele ya jiko, anatikisa mtungi wa gesi. Anafundisha watu kuogelea (alinieleza baadaye) na sauti yake imezoea kuvuka maji. "Karibu, mwanangu! Una shida?"

Nikasema, "Chumvi."

Neno moja. Lakini si hata Mama hutumia neno moja?

Akacheka, akanijazia kikombe pomoni. Akasema chumvi wanayo ya kuoshea gari, wasichokuwa nacho ni moto. Gesi imewaishia tangu Alhamisi, kuni zimelowa, mume wake ameapa kwamba leo ataziwasha na aliapa hivyo jana pia. Watoto wanne, siku mbili wanakula mkate mkavu. Na wamevua samaki ziwani, wamo kwenye ndoo ya barafu wanawatazama tu.

Na hapo nikasikia mtu anasema: "Kesho mchana njooni mle kwetu. Nyote."

Ni mimi niliyesema. Mdomo wangu huu! Umelala miaka kumi na sita, unaamka siku moja na kualika watu sita!

Nilirudi na kikombe nimekishika kwa mikono miwili kama kombe la mpira. Mayai yakakolea. Viazi nilivipasua, nikamwagia vitunguu vya kopo, nikanyunyiza chumvi kwa vidole, kutoka juu, anavyofanya Mama. Wote wakainamia sahani zao. Hata Redio! Shangazi akasukuma sahani yake mbele. "Niongeze," akasema. "Daktari ameniruhusu kutoka wodini."

Nimeandika maneno yake hapa ili asije akayakana.

Sikuwaambia bado kuhusu wageni. Kwanza nilijikata kidole kidogo kwenye ncha ya foili, nikaenda kutafuta plasta kwenye mkoba wa Mama. Chini ya leso, chini ya miwani ya akiba: pakiti ya chumvi. Kilo moja. Haijafunguliwa. Risiti imebanwa juu yake, ya Alhamisi, ya sokoni.

Alijua! Alisimama mbele ya orodha yangu na akajua. Jana alikula ile sahani yote na chumvi ikiwa mita mbili kutoka mguuni kwake!

Nilikuwa nimekasirika. Kweli. Nikaenda hadi alipokuwa, ameketi kwenye kiti cha kukunja, miguu ndani ya beseni la maji, nikamwonyesha pakiti. Akaitazama, akanitazama.

"Uliandika nisiguse mwiko," akasema.

"Chumvi si mwiko."

"Kwa mpishi, ni mwiko mtupu." Akasogeza miguu, maji yakacheza. Akasema laiti ningekuja kuomba, angetoa hapo hapo, usiku, mchana, alikuwa akitembea nayo kama hirizi. Lakini sikuomba. Nikaenda kwa watu nisiowajua. Akasema alinihesabia zile hatua. "Arobaini na tatu," akasema.

Mama hesabu zake hazikosei.

Nilitaka kubaki na hasira yangu kidogo zaidi. Nikamwambia tuna wageni kesho. Wangapi? Sita. Akafumba macho. Akafumbua. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba hilo ni jambo la mpishi.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nimesimama, daftari juu ya buti la gari.

Nina: dengu za watu watano. Mchele wa watu watano. Viazi saba. Nyanya chache, moja imelala upande. Kopo la vitunguu limeisha, vibichi vipo vingi. Gesi — Baba ametikisa mtungi, anasema inatosha kama nitakuwa na akili. Na chumvi! Chumvi tunayo ya kuanzisha duka.

Daftari la kahawia halina ukurasa wa watu kumi na mmoja. Nimelipekua lote. Hakuna. Hii nimeipanga mwenyewe tangu alfajiri: dengu iwe supu, maji yaongezwe na viazi vikatwe vidogo ili iwe nzito, mchele wote sufuria moja, samaki kwenye makaa ndani ya foili zile zile za viazi, nimeziosha. Shangazi aliniuliza kama foili huoshwa. Nikasema huku huoshwa. Akaenda kuzianika!

Wanakuja. Nawaona. Mama mwenye kofia nyekundu mbele, sauti yake imetangulia. Mume amebeba ndoo. Watoto wanne, kila mmoja na kiti chake kichwani, kama mchwa. Redio amewakimbilia, anawaeleza menyu, anawaeleza na habari ya wodi, Mungu wangu, anawaeleza yote.

Ndoo imefika. Nimehesabu samaki. Tisa. Nimehesabu tena.

Meza imejaa na watu wamejaa, kila mtu anashika kitu na kukiacha, hakuna anayejua afanye nini. Mume wa kofia nyekundu anapuliza makaa yasiyohitaji kupulizwa. Na Mama amejitokeza kutoka hemani. Amevaa aproni ya kazini. Kumbe na hiyo aliibeba! Mikono ameosha, bado inadondosha maji. Amechukua kisu mezani. Shangazi ameruka: mkataba, mkataba, wifi umevunja! Mama amemwambia kisu si mwiko.

Kisha amenigeukia mimi. Si kama anavyonigeukia nyumbani. Amesimama wima, kama wale wasaidizi wake watano.

"Mkuu," amesema, "tuanze na nini?"

Mikono yote imesimama. Watu kumi wananitazama. Hata Redio.

"Vitunguu," nimesema.

Na visu vimeanza. Mama anakata, Shangazi anamenya huku analia na kusema si vitunguu, kofia nyekundu anauliza vikatwe vinene au vyembamba, na anayeulizwa ni mimi. Nimesema vyembamba. Nimemwambia Baba apunguze moto, akaupunguza. Kifuniko cha sufuria kinacheza. Niache kuandika. Samaki tisa, watu kumi na mmoja, na yule mtoto mdogo wao amenishika shati, anauliza kama yeye atapata mzima. "Utapata," nimesema.