Kreti Iliyokunjwa na Kuku Ndani

Jumanne, Kitale. Mvua imeanza alfajiri na haijaacha. Mlima hauonekani, na matope yamefika hadi kwenye kizingiti cha kibanda changu. Hakuna mteja. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimejifunga leso mbili, na nina kinyaa ambacho chai imeshindwa kukiondoa.

Hasira ningejua la kuifanya. Ningepiga chuma nyundo mpaka ipungue. Hiki kinyaa kimekaa kooni tu, hakipandi, hakishuki.

Basi niandike.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Wanaonijua hapa mjini wananijua kwa viti na meza za kukunja, zile zinazokodishwa kwenye harusi na matanga. Ndiyo maana shemeji yangu Barasa, kaka mkubwa wa mume wangu, alinijia mimi. Barasa ananunua kuku wa kienyeji vijijini, kuanzia kule Suam mpaka huku kwetu, anawapeleka Bungoma kwa pikap. Miaka yote amewabeba kwenye matenga ya fito. Kilichomsumbua ni safari ya kurudi. Matenga matupu yanajaza pikap nzima, anakosa pa kuweka vitunguu na magodoro. Alitaka kitu kitakachobeba kuku wakati wa kwenda na kulala bapa wakati wa kurudi.

Nilimwambia kwanza nione hao kuku wakishushwa.

Nilienda, nikaona, na tangu siku hiyo nimekuwa nikila kuku kwa shida. Miguu imefungwa kwa katani mpaka imevimba. Wa juu wananyea wa katikati, wa katikati wananyea wa chini, na wa chini ukiwatoa hujui rangi yao ilikuwa gani. Mshushaji analigeuza tenga na kulikung'uta kama gunia la mahindi. Aliyebaki chini bila kutikisika anatupwa kando kwa mguu.

Nikarudi Kitale nikisema nitalimaliza hili jambo kwa mikono yangu.

Kreti ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Bawaba zilibana vidole vya kuku kila ukuta ulipofunguka. Halafu kinyesi kiliingia kwenye bawaba hizo hizo, kikakauka, kikawa kigumu kama saruji, na kreti ikakataa kukunjika. Nilikaa nikikikwangua kwa msumari huku nimeziba pua kwa leso. Watoto wangu walikataa kuja karibu.

Ya pili niliitengeneza fupi. Kuku akipata nafasi ya kusimama, gari likipiga kona anaanguka juu ya mwenzake. Akiwa na kimo cha kukaa tu, anakaa. Sakafu nikaweka wavu, na chini ya wavu trei ya kuchomoa, uchafu uanguke huko. Bawaba nikazipeleka nje. Juu nikaweka kimlango cha kusukuma, umtoe kuku mmoja bila wengine kuruka. Na kwenye pembe nikachomelea vyuma viwili vya kuzuia, ili kuta zisije zikajikunja na kuku wakiwa ndani. Hivyo vyuma ndivyo nilivyovifikiria kuliko kitu kingine chochote.

Nilijaribu na kuku wangu wa nyumbani. Walitulia. Mmoja alitaga humo ndani, na mimi mtu mzima nikaita majirani waje waone yai.

Barasa akazipenda. Alizikunja na kuzikunjua kama mtoto aliyepata kitu kipya. Alisema mimi ndiye mke bora kuliko wote walioolewa pale kwao.

Ijumaa ndiyo ilikuwa safari ya kwanza ya kweli. Ilisadifu vizuri, kwa sababu Jumamosi tulikuwa na kumbukumbu ya baba mkwe huko Sirisia, na Barasa, akiwa kifungua mimba, ndiye aliyejitolea kuleta kuku wa wageni. Pikap ilitangulia. Mimi nikafika Bungoma baadaye, moja kwa moja hadi pale wanaposhushia.

Nilijua kuna jambo kabla hawajaondoa turubai. Mzigo ulikuwa mdogo kwa kimo na mkubwa kwa uzito. Matairi ya nyuma yalikuwa yamebonyea.

Turubai likaondoka.

Nikaona kreti zangu zimelala. Hazikulala bapa kabisa, zilikuwa zimejikunja nusu, kuta zimeinama ndani, vifuniko vimeshuka, na juu ya kila kreti kuna nyingine iliyoshuka vilevile. Katikati ya vifuniko na sakafu kulikuwa na manyoya na midomo iliyo wazi. Vyuma vyangu vya kuzuia vilikuwa vimekatwa kwa grinda. Vimekatwa vizuri kabisa, na fundi anayejua.

Barasa hakuona sababu ya kuficha. Alinieleza kwa furaha, kama mtu anayekuonyesha umesahau faida moja ya kazi yako mwenyewe. Ukishajaza kuku, unakaa juu ya kifuniko mpaka kishuke, unafunga kwa kamba, na hapo unapata safu nyingine nzima chini ya turubai. Alisema tenga la fito haliwezi hivyo, linavunjika.

Nilikuwa nimetengeneza kitanda cha kuku, na yeye akakigeuza shinikizo.

Nilifungua nilizoweza kufungua. Waliokuwa hai walitoka wakiburuta mabawa. Waliokufa walikuwa wamegandana, wa joto bado, na majimaji yamewatoka huku na huku, yakanimwagikia mikononi hadi kwenye viwiko. Nilitapika pembeni mwa gari. Wanaume wakacheka, Barasa pia. Waliokufa wakakusanywa kwenye magunia. Nikadhani wanaenda kutupwa. Nilikuwa naosha mikono, sikuuliza.

Jumamosi nilifika Sirisia mapema nikasaidie jikoni. Mama mkwe wangu ni mtu ninayemheshimu. Alinipokea mimi niliyeshika nyundo wakati wengine walimwambia mwanawe ameoa mwanamume. Alinipa kisu na beseni nikate vipande. Kuku walikuwa wameshanyonyolewa.

Nilimshika wa kwanza. Nyama ilikuwa nyeusi-nyeusi, damu imebaki yote mwilini. Shingo haikuwa na alama ya kisu. Nikamgeuza. Kwenye ngozi ya kifua kulikuwa na mistari, imepishana, vimiraba vidogo vidogo vilivyopangana sawasawa.

Ulikuwa wavu wangu. Mimi ndiye niliyeuchagua dukani, nikaukata na kuuchomelea, na sasa ulikuwa umepigwa chapa kwenye ngozi ya maiti ya kuku, kwenye beseni la mama mkwe.

Nikamshika wa pili. Vilevile. Nikachungulia kwenye sufuria mbili kubwa zilizokuwa tayari motoni, zinachemka, zimetiwa vitunguu na nyanya, na harufu yake, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri.

Nilimwita Barasa nyuma ya jiko. Alikuja akiwa na suti na kadi ya programu mfukoni. Nilimuuliza kama ndio wale wa kwenye magunia. Hakubisha.

"Shemeji, kuku ni kuku," alisema. "Akishaingia kwa sufuria, nani atauliza alikufaje?"

Akarudi kwenye tenti kupokea watu wa kanisa.

Nikamwendea mama. Nilimwonyesha kifua cha yule kuku, nikapitisha kidole kwenye mistari, nikamweleza yote. Alipomgeuza yule kuku kifua chini nikajua amenielewa, na nikasubiri aseme tumwage. Badala yake akachungulia nje, kule kwenye tenti, ambako wimbo wa kwanza ulikuwa umeanza.

"Wageni wako hapa tayari," alisema kwa sauti ya chini. "Unataka nizike mume wangu mara ya pili kwa aibu? Mimi sitakula. Na wewe usikule. Basi."

Hapo ndipo kinyaa kiliponishika koo, na hapo ndipo kimekaa mpaka leo. Ya Barasa niliyaelewa, mtu ana tamaa. Lakini mama huyu, anayewaombea hao watu kila Jumapili kwa majina, alikuwa tayari kuwapakulia nyamafu ilimradi sahani yake mwenyewe iwe safi.

Sikufikiria sana. Nilichukua vitambaa viwili, nikainua sufuria ya kwanza kutoka motoni, nikatembea nayo mpaka chooni na kuimwaga shimoni. Wanawake walisimama wakinitazama. Nikarudi kuchukua ya pili. Nilipita nayo karibu na tenti, mchuzi ukanichoma mguu, na najua watu waliona. Kisha nikarudi kuchukua beseni.

Hakuna aliyenishika mkono. Hakuna aliyenisaidia.

Wageni walikula ugali, sukuma na maharagwe yaliyoazimwa kwa jirani. Waliambiwa kuku waliharibika kwa joto. Kuna mzee mmoja wa kanisa alinitazama, akarudi kwa sukuma yake. Wengine walinung'unika wazi. Kwetu huku, kumkaribisha mtu ukamnyima kuku ni kama kumwambia asirudi tena, na mama alikaa kwenye kiti chake cha mbele amejifunika leso usoni mpaka watu walipoondoka.

Hajasema nami tangu wakati huo.

Tukiwa nyumbani mume wangu, Wekesa, alinipaka dawa kwenye ule mguu ulioungua. Ni mtu mpole, na alipaka taratibu. Huku anapaka akaniambia alijua nilikuwa na haki, kwamba Barasa amekosa, lakini ningefanya kimyakimya.

"Ungenyamaza tu, ule mboga," alisema. "Hata mimi nisingeonja."

Nikauondoa mguu wangu.

Kumbe wote wangekula mboga. Kila mwenye kujua angekaa pale na sahani yake ya sukuma, anawatazama wengine wakinyonya mifupa, na baadaye sala ya kufunga. Nimeishi na Wekesa muda mrefu na sijawahi kuondoa mguu wangu mkononi mwake. Usiku huo alilala akinipa mgongo, au mimi ndiye niliyempa, sijui.

Ananiambia nimwombe mama msamaha yaishe. Nimemwambia nitaenda kumwona mama, kwa sababu nampenda, na kumsalimia nitamsalimia. Msamaha wa zile sufuria sina.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilifungua kibanda. Nilikaa mbele ya kreti moja ya mfano iliyobaki kwangu, nikajiuliza swali moja. Kizuizi chochote ninachochomelea kinaweza kukatwa na mwenye grinda. Sasa nitumie nini kisichokatika?

Nikagundua nilikuwa naangalia pembe, wakati jibu lilikuwa sakafuni. Nimezipa kuta ndimi za chuma zinazoingia chini ya sakafu. Kuku wakikaa, uzito wao wenyewe unazikandamiza zile ndimi, na kuta zinasimama wima. Ukiongeza kuku, zinabana zaidi. Ukikaa juu ya kifuniko, zinabana zaidi bado. Ili ikunjike lazima uinue sakafu, na huwezi kuinua sakafu bila kuwatoa kuku wote kwanza. Ukizikata ndimi, kuta zote zinaanguka nje na kuku wanakimbia sokoni.

Jana nilijaza mchanga ndani, nikapanda juu na gumbuti zangu, nikaruka. Haikutikisika. Nilitarajia nitafurahi. Nilitazama tu ule wavu, na nikaona kifua cha kuku.

Leo asubuhi, mvua ikiwa kali, simu ikalia. Alikuwa Mama Tecla, mwanamke anayeuza kuku soko la Bungoma, mtu mwema sana, ananipigia kunipa hongera. Ati kazi yangu imeshika. Ati kuna fundi kule upande wa Mabanga ameachiwa kreti moja na Barasa kama mfano, anazitengeneza nyingi, bila vile vyuma vya pembeni, na wafanyabiashara wanazigombania kwa sababu zinashuka vizuri chini ya turubai.

Nikamuuliza wanaziitaje.

"Si ni kreti ya Nafula," alisema. "Kila mtu anasema tu hivyo. Nafula wa Kitale."

Nilimshukuru. Nimekaa hapa juu ya ndoo tangu hapo, nikifikiria lile neno likipigwa kelele sokoni kila pikap inapofika, leta Nafula, kalia Nafula, shusha Nafula, na chini yake midomo iliyo wazi.

Nimefikiria kwenda kwa mkuu wa soko. Nimefikiria kuandika kwenye ukurasa huu, watu wote wasome, jina la fundi huyo. Nimefikiria pia kuacha, nirudi kwa viti vyangu vya matanga, kwa kuwa kiti hakina wa kumuumiza.

Lakini jina ni langu, na nilipewa na nyanya yangu, na sitaki libaki pale.

Kesho mvua inyeshe au isinyeshe, nitafika Bungoma na hii kreti mpya. Nitaiweka chini pale wanaposhushia, nitie kuku wangu ndani, wale wa nyumbani ambao nawajua mmoja mmoja. Halafu nitamwita shemeji yangu mbele ya wateja wake wote, kwa heshima, kama anavyostahili kaka wa mume wangu, nimwambie aikunje.